Tusiishie Kupima Maji: Metali Nzito, Samaki na Minyoo ya Tope

*Mhadhara kwa wadau wa uvuvi, uchimbaji mdogo na elimu, Mwanza*

  

Nimekuja na dai moja, nanyi mtalipima. Tukitaka kujua kama metali nzito zimeharibu mto au ziwa, tumezoea kuchota maji na kuyapeleka maabara. Majibu yakija mazuri, tunashusha pumzi. Mimi nasema mara nyingi tumepima mahali ambapo sumu imekwisha kupita. Makao yake ni tope la chini, na kutoka kwenye tope huingia kwa mnyoo, kwa samaki, na mwishowe mezani kwetu. Ulinzi wa maji hautakamilika mpaka tupime tope na viumbe wanaoishi ndani yake.

Ninaposema metali nzito nakusudia zebaki, risasi, kadimiamu, shaba, zinki, nikeli na wenzao. Baadhi yao mwili unawahitaji: samaki hawezi kuishi bila chembe za shaba na zinki, nasi vivyo hivyo. Madhara huanza kipimo kinapozidi. Lakini zebaki, risasi na kadimiamu hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa samaki wala wa binadamu. Kwa hizo tatu, kila kiasi kinachoingia ni mzigo.

Nitatoa hoja tano. Nne za kwanza zinaeleza jinsi sumu inavyofanya kazi. Ya tano ni ya mambo ninayoomba tuyatende.

Hoja ya kwanza: Metali haiozi

Majitaka ya choo yakiingia mtoni, bakteria huyala, na baada ya mwendo fulani mto hujirudi. Dawa nyingi za mashambani nazo huvunjika, ingawa nyingine huchukua miaka. Metali haivunjiki, kwa sababu ni elementi; hakuna kiumbe kinachoweza kuila ikaisha. Hubadilisha umbo na mahali tu.

Ikiingia majini, haikai ikielea kwa muda mrefu. Hushikamana na chembe laini za udongo na mabaki ya majani yaliyooza, kisha huzama nazo. Palipo na upungufu wa oksijeni, huungana na salfa na kujificha katika tope jeusi. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji maangavu juu ya tope lenye metali nyingi, na cheti cha maabara kikatoka safi bila mpimaji kudanganya.

Tena kinachozama huweza kuinuka. Mvua kubwa, jembe, nyavu za kukokota, hata mabadiliko ya uchachu wa maji, huirudisha metali mtoni. Majirani zetu wa Uganda wanalijua hili. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya Milima ya Rwenzori, ulichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Kazi ilisimama zaidi ya miaka 40 iliyopita, lakini malundo ya mabaki yalibaki bondeni, na mafuriko ya Mto Nyamwamba, yakiwamo yale makubwa ya 2013, yamekuwa yakiyamega. Chini ya bonde hilo lipo Ziwa George, lenye wavuvi kama nyinyi, na watafiti wamekuta shaba na kobalti za mgodi katika tope lake. Mgodi hufungwa kwa barua. Metali zake haziisomi barua hiyo.

Hoja ya pili: Samaki huumia kabla ya kufa

Naona baadhi ya wavuvi wanasema kimoyomoyo: mbona hatujaona samaki wakielea? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko kwenye matamvua, ambayo wengi wenu mnayaita mashavu.

Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kila saa chumvi inamtoka na maji yanamwingia. Ili aishi, matamvua yake hufanya kazi bila kupumzika ya kuvuta sodiamu na kalisi kutoka majini, huku yakivuta pia oksijeni. Shaba huziba njia ya sodiamu. Kadimiamu, risasi na zinki hupita katika njia ya kalisi, kwa kuwa chembe zao zenye chaji hufanana na za kalisi kiasi cha kuihadaa. Ni kama mtu aliyeingia ofisini kwa kitambulisho cha mwenzake, kisha akakalia na kiti chake. Dozi ikiwa kubwa, samaki hupoteza chumvi, matamvua hujaa ute, naye hufa ndani ya siku chache. Hilo tunaliona kwa macho.

Dozi ikiwa ndogo, hafi. Hapo ndipo hasara isiyoonekana inapoanza. Majaribio juu ya samaki aina ya salmoni yameonyesha kwamba mikrogramu chache za shaba katika lita moja ya maji hupunguza uwezo wake wa kunusa ndani ya saa chache tu. Samaki asiyenusa hamkwepi adui, hakipati chakula vizuri, wala hatambui njia ya kurudi kuzaliana. Risasi, ikimkaa kwa muda mrefu, humpindisha uti wa mgongo na kuutia mkia weusi. Kadimiamu huharibu figo na kumnyima kalisi ya mifupa. Na wanaoumia zaidi ni mayai na vifaranga, ambao hatuwaoni kabisa. Mvuvi hataokota mizoga. Ataona tu kwamba mwaka hadi mwaka wavu unarudi mwepesi, na lawama itaenda kwa makokoro, kwa majirani, au kwa mwezi.

Hapa naomba wanafunzi wa sayansi waandike jambo moja. Ukali wa metali hutegemea pia maji yenyewe. Maji magumu, yaliyojaa kalisi na magnesi, humkinga samaki kwa kuwa kalisi hushindana na metali mlangoni mwa matamvua. Maji laini hayana kinga hiyo. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, laini kuliko ya Ziwa Tanganyika kwa mbali. Kiasi cha shaba ambacho samaki wa Kigoma angekistahimili kinaweza kumdhuru samaki wa hapa Mwanza. Kikomo kilichoandikwa kwa maji ya nchi nyingine, kikanakiliwa bila kupima maji yetu, hakitulindi.

Hoja ya tatu: Mnyoo hai si cheti cha usalama

Kila mvuvi wa ndoana anamjua nyungunyungu. Jamaa zake wadogo, wekundu na wembamba kama uzi, wanaishi katika tope la mito na maziwa. Huzamisha kichwa topeni na kuacha mkia nje ukipepea majini kutafuta oksijeni. Chakula chao ni tope lenyewe: huingia kwa mdomo, hupita tumboni, hutoka nyuma, usiku na mchana. Kwa kazi hiyo hulipindua tope, hulipitishia hewa, na huwa chakula cha samaki wanaotafuta riziki chini, kama kambale.

Kiumbe anayekula tope hukutana na metali kuliko yeyote. Wengi hudhoofika: hula kidogo, hutoa vifuko vichache vya mayai, hukua polepole, hufa. Lakini wengine huzoea, na kuzoea kwao ndiko kunakotudanganya.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Foundry Cove, hori ndogo ya Mto Hudson karibu na kijiji cha Cold Spring, jimbo la New York, Marekani. Kiwanda cha betri za nikeli na kadimiamu kilifanya kazi hapo kati ya 1953 na 1979, na tope la hori hiyo likawa miongoni mwa matope yenye kadimiamu nyingi kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani. Mtu angetarajia jangwa. Watafiti Paul Klerks na Jeffrey Levinton walikuta minyoo aina ya *Limnodrilus hoffmeisteri* ikiishi tele. Walipoichukua na kuilinganisha na minyoo ya hori jirani iliyo safi, waligundua kwamba ile ya Foundry Cove ilikuwa na ustahimilivu wa kurithi: hata watoto waliozaliwa katika tope safi walistahimili kadimiamu kuliko wenzao. Katika miongo michache, uteuzi wa asili ulikuwa umewabadilisha.

Mnyoo huyo aliifanya nini sumu? Aliifunga kwenye protini maalumu, na nyingine akaihifadhi katika punje ndogo ndani ya seli zake. Kwa njia hiyo aliweza kubeba mzigo ambao ungewaua wenzake. Sasa fikirini anapoliwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kadimiamu iliyofungwa kwenye protini humwingia anayemla, wakati ile iliyo kwenye punje sehemu kubwa hupita na kutoka. Uzima wa mnyoo, basi, hautoshi kutuambia lolote kuhusu usalama wa samaki. Mnyoo mstahimilivu anaweza kuwa mpagazi wa sumu. Afisa akifika mtoni, akafukua tope, akaona minyoo inanyongorota, asiandike kwamba mto ni mzima. Aipime.

Kisa hicho kina mwisho wa kutia moyo. Kati ya 1994 na 1995 tope lile lilichimbwa na kuondolewa. Levinton na wenzake walirudi baadaye na kukuta kwamba, ndani ya vizazi visivyofikia 20 vya minyoo, ustahimilivu ulikuwa umepotea kwa sehemu kubwa. Viumbe walijibu usafi upesi kama walivyokuwa wameijibu sumu. Wanaosema kuwa sehemu ikishachafuliwa haina dawa tena, wajibiwe kwa mfano huo.

Hoja ya nne: Zebaki hupanda ngazi

Ndugu wachimbaji, hapa nazungumza nanyi kwa heshima, kwa sababu mnaijua zebaki kwa mikono yenu. Mwamba husagwa kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, zebaki huidaka dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa. Kwa kila gramu ya dhahabu, gramu moja ya zebaki au zaidi huweza kupotea: nyingine hupaa na moshi, nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kuchenjuliwa, na kuteremka na maji. Duniani kote, kwa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya zebaki inayoingizwa hewani na binadamu.

Metali nyingi nilizotaja hazijikusanyi zaidi kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Zebaki hufanya hivyo. Katika tope lisilo na oksijeni, hasa kwenye madimbwi, mabwawa na mafunjo, bakteria huibadilisha kuwa methili-zebaki. Hiyo hupita kirahisi kwenye utumbo, huingia kwenye ubongo, na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni. Mdudu huipata topeni, furu humla mdudu, sangara humla furu, na kila ngazi mzigo huongezeka. Samaki mla samaki aliyezeeka anaweza kuwa na zebaki mara milioni moja kuliko maji anamoogelea. Mpima maji hataiona, mlaji ataipata.

Ulimwengu ulijifunza hili kwa uchungu nchini Japani. Minamata inafahamika, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi 1956, lakini huko ilikuwa ghuba ya bahari. Miaka tisa baadaye, 1965, ugonjwa uleule uliwapata watu wa Niigata waliokula samaki wa Mto Agano. Kiwanda kilichomwaga zebaki kilikuwa mbali juu ya mto. Mikono ilitetemeka, macho yakafifia, watu wakashindwa kutembea sawasawa. Huo ulikuwa mto wa maji baridi, na wagonjwa walikuwa familia za wavuvi.

Je, hapa kwetu tumefika huko? Hapana, na napenda hilo lisikike vizuri. Tafiti zilizofanywa katika maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990, na zile za eneo la wachimbaji la Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuta zebaki nyingi kwenye marudio na tope karibu na sehemu za uchenjuaji, huku samaki wengi wa ziwani wakiwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kilichotumika wakati huo kama mwongozo wa kimataifa kwa samaki wasiokula wenzao. Sangara wakubwa huwa na zaidi kuliko wadogo, kama ngazi ile inavyotabiri. Samaki wa ziwa letu ni chakula bora, na mtu asitoke hapa akawatishe akina mama sokoni. Wasiwasi wangu uko kwenye vijito, madimbwi na mabwawa yaliyo jirani na mialo ya dhahabu, ambako watoto huvua kambale na kamongo kwa ajili ya mboga ya jioni, na ambako hakuna anayepima.

Jambo jingine la jikoni linafaa kujulikana. Kadimiamu hukaa zaidi kwenye ini na figo, risasi kwenye mifupa. Mwenye kupasua samaki na kutupa matumbo hupunguza sehemu ya mzigo. Dagaa huliwa mzima, na matumbo na mifupa yake, kwa hiyo dagaa wanastahili kupimwa kadimiamu na risasi kwa namna yao. Zebaki hukaa kwenye mnofu. Haiondolewi kwa kupasua, kukaanga wala kukausha. Upimaji wenye maana utamfuata samaki jinsi anavyoliwa.

Hoja ya tano: Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba mambo manne.

La kwanza, tope liingizwe kwenye ratiba. Bodi ya Maji ya Bonde, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi wana wataalamu. Kila wanapochota maji karibu na mgodi, mwalo au kiwanda, wachukue pia tope, minyoo na samaki wa palepale, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili kinachosomeka.

La pili, tuwatumie minyoo kama wapimaji. Upo utaratibu wa kimataifa uliochapishwa 2007 ambao huwaweka minyoo wa maji baridi kwenye tope kwa siku 28, kisha huwahesabu na kuwapima uzito. Kupata kiasi cha metali kunahitaji mashine ya gharama. Kujua kama tope linadhuru kunahitaji vyombo vya kioo, tope la kulinganishia, mizani nyeti na mwalimu makini. Vyuo vyetu vinaweza kuanza, na shule za sekondari zenye maabara zikafuata. Walimu mlioko hapa, nawatazama nyinyi.

La tatu, zebaki idhibitiwe inakotoka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unataja mambo yanayopaswa kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mwamba wote uliosagwa, kuichoma hadharani, kuichoma penye makazi, na kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza, kwa kuwa sayanaidi huiyeyusha na kuipeleka mbali. Ritoti, chombo kile cha kuchomea kilichofungwa, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki mkononi mwa mchimbaji na kuliokoa pafu lake. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Mwalo ulio ndani ya mita hizo uhamishwe, na mwenye mwalo aonyeshwe pa kuhamia, kwa sababu familia yake nayo inakula kutokana na kazi hiyo.

La nne, mvuvi na mchimbaji wakae meza moja. Mara nyingi ni ndugu: kaka yuko ziwani, mdogo wake yuko duarani, shimoni mwa dhahabu. Anayejua dimbwi lipi watoto huvua ni mvuvi. Anayejua marudio yalimwagwa wapi miaka 20 iliyopita ni mchimbaji. Ramani ya matope ya kupimwa haitachorwa vizuri bila wawili hao.

Ndugu wasikilizaji, mikoa yetu itaendelea kuchimba dhahabu, na itaendelea kula samaki. Wanafunzi walioketi mstari wa nyuma watakuwa maafisa, wahandisi na wazazi katika miaka 15 ijayo. Kazi wanayohitaji kurithi ni kumbukumbu za vipimo: tope la kijito fulani mwaka huu, mwaka ujao na mwaka unaofuata, ili waweze kusema kwa ushahidi kwamba hali imekuwa bora au imekuwa mbaya. Kumbukumbu hizo leo hatuna za kutosha. Tunaweza kuzianza kabla ya masika haya, kwa vijito vichache tu, vile vinavyojulikana na kila mtu aliyeko ukumbini. Naomba kabla hatujatawanyika, viongozi wa vikundi vya uvuvi na wa vyama vya wachimbaji waandike majina ya vijito hivyo na kuyakabidhi mezani kwa Mgeni Rasmi. Mimi na wanafunzi wangu tuko tayari kushika majembe.